Muziki wa Chumba Chini ya Mlima

Jina "muziki wa chumba" huwafukuza wasikiaji wengi kabla sauti ya kwanza haijasikika. Mtu alisikiapo hudhani kwamba anatajiwa jambo la faragha, lenye mlango uliofungwa na viti vilivyohesabiwa. Kwa asili yake hakosei. Katika Ulaya ya karne ya 17 na ya 18 muziki huo ulikuwa wa wapigaji wachache, watatu, wanne au watano, kila mmoja ameshika sauti yake peke yake pasipo mwenzi wa kumfichia kosa; nao walipiga katika kumbi za wenye enzi. Hakuna aliyelipa mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyeingia ila kwa mwaliko. Mwenye nyumba ndiye aliyewalisha wapigaji na kuwavika. Joseph Haydn, aliyeingia katika utumishi wa jamaa ya Esterházy mwaka 1761, alivaa sare ya nyumba ile kama walivyovaa watumishi wengine, na kazi zake nyingi za fidla mbili, viola na selo zilitungwa katika hali hiyo.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana haja ya kusafiri mpaka Ulaya ili kulifahamu jambo hili. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe ya ndovu na nyingine ya shaba, hazikupulizwa kwa ajili ya kila mtu. Zilikuwa sauti ya mamlaka, na mtu wa kawaida alizisikia kwa mbali. Taarabu nayo ilianza katika chumba. Yasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka mwaka 1870 hata mwaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ili arudi kuwafundisha wengine na kuupendeza ukumbi wa mfalme. Kanuni, udi, fidla na nai, wapigaji wachache, wasikiaji wateule, lugha ya Kiarabu: kama hiyo siyo maana kamili ya muziki wa chumba, basi ni vigumu kujua maana yake ni ipi. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Nadi Ikhwan Safaa, na taarabu ikatoka jumbani ikaingia katika chama. Baadaye Siti binti Saad, mwanamke wa shamba aliyehamia mjini, akaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu ambao hawangeruhusiwa kukanyaga zulia la jumba. Santuri zake zilizopigwa Bombay mwaka 1928 zilikwenda mbali kuliko mwaliko wowote wa Sultani. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake, na haukuwa utani. Alitambua kwamba mlango uliofunguliwa na mwanamke yule ulikuwa mlango mkubwa.

Kwa hiyo swali la historia halikomei katika namna muziki wa wachache ulivyopigwa. Lipo swali kubwa zaidi: ulitokaje chumbani ukawafikia watu? Na huko nje ulipokelewa kwa masharti gani? Mji wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, kwa sababu huko muziki wa namna hii haukupitia jumba la mfalme hata kidogo.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na miaka michache baadaye wakajenga Mamba na Moshi ya Kale. Pamoja na Biblia na vitabu vya nyimbo walileta desturi ya nchi yao ya vikundi vya tarumbeta za shaba katika usharika, vinavyopiga nyimbo za kanisa kwa sauti nne. Vikundi hivyo si bendi ya askari. Havikuhitaji ngoma kubwa wala gwaride. Vilihitaji watu wachache wenye pumzi, subira na masikio ya kusikilizana, na vikapiga kanisani, mazishini, na alfajiri ya Pasaka. Mwanachuoni wa Ulaya angesita kukiita kikundi hicho muziki wa chumba, kwa kuwa hakikuwa na chumba. Lakini ukikitazama kwa kazi yake, watu wachache na kila sauti na mwenyewe, undugu wao hauwezi kukanwa. Tena hapakuwapo kiingilio. Aliyefiwa hakuulizwa fedha kabla ya wimbo wa kaburini.

Jambo hili halikuwashangaza Wachaga, maana katika mila yao na mila za majirani zao ngoma haikuuzwa tiketi. Kilichokuwa kigeni ni kimya. Katika ngoma msikiaji ni mshiriki: hupiga makofi, huitikia, huingia uwanjani. Katika taarabu msikiaji huinuka kumtunza mwimbaji, na fedha anayoitoa ni maneno yake aliyoyakosa kinywani. Kumwambia mtu kama huyo akae, anyamaze, asubiri hata mwisho ndipo apige makofi, ni kumtaka abadili adabu yake yote ya kusikiliza. Wale wanaodhani kwamba tamasha la bure ni neema mpya iliyoletwa na watu wa mbali wamekosea mahali pa kushangaa. Bure ilikuwapo. Upya ulikuwa katika kiti.

Hata hivyo neno "bure" lina mpaka wake mlimani. Mifongo ya Wachaga, ile mifereji iletayo maji kutoka makorongo ya juu hata vihambani, haikuwa na bei. Lakini asiyetoka kwenda kuichimba na kuisafisha pamoja na wenzake alijiondoa mwenyewe katika zamu ya maji. Maji hayakununuliwa, wala hayakuwa bila wajibu. Fikira hii yafaa kushikwa, kwa kuwa itarudi mbele.

Mwaka 1920, baada ya vita, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa katika nchi, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Katika miaka hiyo walimu Waafrika waliyashika makanisa na shule karibu peke yao. Waliendelea kuimba tuni za Kijerumani chini ya utawala wa Kiingereza, na hapana aliyeona haja ya kuzibadili kwa sababu wenyeji wa tuni hizo wameshindwa vita. Huo ndio wakati ambapo muziki ule ulihama miliki. Kabla ya hapo ulikuwa mali ya mgeni iliyoazimwa. Baada ya hapo ulikuwa mali ya aliyeutunza.

Ajabu ni kwamba miaka ishirini baadaye jambo la jinsi hiyo lilitokea London kwenyewe. Vita vya pili vilipoanza, kumbi za muziki zilifungwa kwa hofu ya mabomu ya usiku, na picha za jumba la sanaa la National Gallery zikaondolewa kwenda kufichwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba jumba lile tupu litumiwe kwa muziki mchana. Tarehe 10 Oktoba 1939 alipiga tamasha la kwanza yeye mwenyewe, na matamasha hayo yakaendelea siku za kazi hata Aprili 1946, yakizidi 1,600 kwa hesabu na kuhudhuriwa na zaidi ya watu 800,000. Yalikuwa ya saa saba mchana, wakati makarani, wauguzi na askari wa likizo walipotoka kutafuta chakula. Beethoven na Schubert walipigwa huko huku ndege za Ujerumani zikiushambulia mji. Lakini hayakuwa ya bure: kila mtu alitoa shilingi moja. Shilingi hiyo ni ndogo, na nafuu yake ndiyo iliyowaleta watu ambao hawakupata kamwe kuvaa nguo za jioni kwenda kusikiliza muziki. Desturi ya tamasha la adhuhuri kwa watu wote, ambayo leo yaonekana katika makanisa na kumbi nyingi za Ulaya, na mahali pengi bila kiingilio, ilipata nguvu kubwa katika miaka ile ya giza.

Adhuhuri ya Moshi haifanani na adhuhuri ya London, na asiyelijua hili hawezi kuandaa tamasha. Kwa mahali mji ulipo, jua hufika utosini karibu na saa sita u nusu, na adhana ya adhuhuri hufuata hapo hapo. Mji wenye makanisa na misikiti katika mtaa mmoja hauwezi kuanza fidla saa sita u nusu bila kuwakata watu wawili wawili, mmoja kwenda kusali na mwingine kubaki. Kilele cha Kibo, kilichoonekana wazi alfajiri, wakati huo aghalabu kimejifunika mawingu. Sokoni jua ni kali, na mama aliyeshuka na ndizi kutoka Kibosho au Uru anahesabu gari la kumrudisha kabla ya jioni. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kupendelea mchana. Tamasha la usiku ni la mwenye gari na la aliye jirani. Tamasha la mchana humpata mwanafunzi aliye katika sare yake, mfanyakazi aliye katika mapumziko yake, na mtu wa mlimani kabla hajapanda.

Mji wenyewe umeumbwa na mchana wa namna hiyo. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na Moshi mpya ikakua kuizunguka stesheni, chini kabisa ya Moshi ya Kale iliyokuwa kitako cha mamangi. Watu wa makabila na dini mbalimbali wakajenga Majengo, Bondeni, Pasua na Njoro. Njoro ina msitu mdogo na chemchemi zake ndani ya mji, na sehemu yake moja yaitwa hata leo Njoro ya Dobi, jina linalotaja kazi bila kumtaja mtu. Ni mtaa wa watu wa kazi, wala haukujengwa kwa ajili ya kumbi. Lakini kutoka Njoro kushuka kwenda tambarare za kusini, katika nchi kavu isiyo na migomba, ndiko uliko mti ambao bila huo nusu ya muziki wa chumba wa leo usingekuwa na sauti unayoijua dunia.

Mti huo ni mpingo. Wataalamu wa mimea huuita *Dalbergia melanoxylon*. Hukua polepole mno. Miaka 70 hata 100 hupita kabla shina halijawa na unene wa kufaa. Kiini chake ni cheusi, kizito hata huzama majini, na hakinywi unyevu kwa urahisi. Mafundi wa Kimakonde waliijua tabia hiyo kwa patasi. Mafundi wa Ulaya waliijua kwa mashine ya kukerezea, lakini walichelewa. Klarineti ilipobuniwa Nuremberg na Johann Christoph Denner karibu na mwaka 1700, na kwa muda mrefu baadaye, ilitengenezwa kwa mti wa manjano wa Ulaya uitwao boksi. Mozart alipomtungia Anton Stadler kazi yake mashuhuri ya klarineti na nyuzi nne mwaka 1789, mpingo haukuwamo. Hata Brahms alipotunga yake mwaka 1891, Richard Mühlfeld aliyempigia alikuwa bado ana klarineti ya boksi. Mwaka huo wa 1891 ndio Serikali ya Ujerumani iliposhika rasmi utawala wa nchi hii. Vyuma vingi vilikuwa vimekwisha kuongezwa juu ya klarineti, na mti laini haukuvistahimili vema. Mti mweusi wa makoloni ulivistahimili. Basi katika karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20 boksi likaondoka, na mpingo wa Afrika ukakalia kiti chake katika klarineti, obo na filimbi nyingi.

Magogo yalisafiri kwa njia ya bandari za kusini na za kaskazini. Kilichorudi kilikuwa kidogo. Mwanakijiji aliyeukata mpingo hakuijua sauti yake, na mpigaji wa Vienna au Paris hakuyajua majani yake. Ni mara chache biashara imetenganisha kitu na jina lake kwa ukamilifu namna hii: duniani mti huo uliitwa grenadila, na wengi walioushika kila siku ya maisha yao hawakupata kulisikia neno mpingo.

Aliyejitahidi kuunga tena pande hizo mbili alikuwa mtu wa Kibosho. Sebastian Chuwa alikuwa mwana wa mganga wa miti shamba, na alijifunza majina ya mimea kwa baba yake katika misitu ya Kilimanjaro kabla hajayasoma vitabuni. Alifanya kazi miaka 17 katika hifadhi ya Ngorongoro, akawakusanya vijana katika vyama vya Malihai, kisha akarudi nyumbani kuotesha miche. Mwaka 1992 ilitoka filamu iitwayo *The Tree of Music*, iliyomwonyesha akiwa kazini. Mkereza mbao wa Texas, James Harris, aliitazama filamu hiyo, akamwandikia, na mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo wenye makao Moshi. Kazi haikuwa rahisi. Mche wa mpingo ni dhaifu, moto wa nyika huurudisha nyuma, mbuzi huupenda, na mkulima huuliza kwa haki atakula nini wakati wa kungoja. Chuwa hakumjibu kwa hotuba. Alimpa pamoja na mpingo miche ya miti ipatayo matumizi mapema, ya kivuli cha kahawa, ya kuni na ya matunda. Kwa jinsi hiyo vikundi vya shule, vya akina mama na vya vijana vilipanda zaidi ya miti milioni moja ya namna mbalimbali. Alifariki mwaka 2014.

Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa jambo lililokaribia sana tamasha la adhuhuri. Mwishoni mwa miaka kumi ya kwanza ya karne hii, Michele Von Haugg, mpiga klarineti wa Marekani, alianzisha mpango wa kuja Moshi wakati wa likizo ya kwao pamoja na wapigaji wenzake, wakiwafundisha wanafunzi wa sekondari klarineti na habari za mpingo kwa pamoja. Jina lake la kwanza lilihusu klarineti na hifadhi. Baadaye, nyuzi zilipoongezwa, ukaitwa Daraja Music Initiative. Walimu walipiga wakiwa wachache wachache kama ilivyo desturi ya muziki wa chumba, wanafunzi nao wakapiga walichojifunza mbele ya wenzao na wazazi, na miche ikapandwa. Hapakuwa na sare ya mwinyi wala mwaliko wenye muhuri.

Mtu mwenye ukali atasema: je, hii si kumletea mtu zawadi iliyotengenezwa kwa mali yake mwenyewe? Swali hilo ni la haki, na halifutwi na uzuri wa sauti. Mti ulitoka kwa bei ndogo, ukarudi umekuwa chombo ambacho familia nyingi za Moshi haziwezi kukinunua. Tena klarineti za wanaoanza, kote duniani, aghalabu si za mpingo ila za plastiki. Mwanafunzi aweza kupanda mti mchana na jioni akajifunza kwa chombo kisicho na chembe ya mti huo. Anayetaka kuyakataa matamasha hayo kwa sababu hii ana hoja.

Lakini hoja hiyo yasahau kilichotokea mwaka 1920. Kitu hakibaki cha aliyekileta milele. Wachaga waliochukua tarumbeta za Leipzig hawakungoja cheti cha umiliki. Walizitunza, na utunzaji ukawa miliki. Kadhalika Siti hakungoja jumba limruhusu. Mtoto wa Njoro aliyeshika klarineti na kujua kwamba mti wake waitwa mpingo, kwamba waota upande wa kusini wa mji wake, na kwamba unamhitaji mtu wa kuumwagilia maji kiangazi, amekwisha kupata kitu ambacho hata Stadler hakuwa nacho. Na kama ilivyokuwa katika mfongo, hakuulizwa fedha, bali ameulizwa zamu: shimo moja, mche mmoja, na madoo ya maji hata mvua zifike.

Upande wa kusini wa nchi njia nyingine ilijaribiwa, na inafaa kutajwa ili muziki usibebeshwe mzigo usio wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga na kumiliki misitu yao. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi mwema, na mpingo wake ukaweza kuuzwa kwa wanaotengeneza ala kwa bei aliyoijua mwanakijiji. Huko haki ilitafutwa kwa mizani na mkataba. Tamasha haliwezi kufanya kazi ya mkataba. Nalo hufanya kazi ambayo mkataba hauiwezi: humfanya mtu aliyekuwa akiuona mpingo kama kuni nzuri au kinyago asimame kidogo mbele yake.

Miche iliyopandwa Moshi mwaka 1996 haijafikia hata nusu ya umri wa kukatwa. Mingi imekwisha kufa kwa moto na ukame, kama ipasavyo kutarajiwa. Iliyosalia ina miiba, shina jembamba, na kiini ambacho bado hakijawa cheusi vya kutosha. Mtu atakayeikereza, ikiwa itakerezwa, bado hajazaliwa, na waliokuwa wanafunzi siku ya kuipanda sasa ni watu wazima wenye watoto shuleni.